Pine gani kwa jipe apa Goma: A/T (ya njia zote) mupya ama M/T (ya tope) ya okazioni?

Kijana_wa_Himbi
Bandugu, salama? Mapine ya jipe yangu imeisha, ya nyuma kushoto inaanza hata kuonesha waya. Duka moja banataka kuniuzishia A/T mupya, muuzaji mwingine anasema nikamate M/T ya okazioni, karibu nusu ya bei, na meno ingali mirefu. Nataka kulipa mbele ya siku ya posho. Mungekuwa miye mungekamata gani?

Fundi_Katindo
Ndugu, siye tutajua je? Jipe ni kila gari ya juu. Ni RAV4, ni Prado, ni Land Cruiser ya kazi? Soma namba iko ku mubavu wa pine utuandikie yote, mpaka ile herufi ya mwisho. Na unaendaka wapi? Mutu wa Himbi–Birere, mu mji tu, na mutu wa kupanda Masisi hawawezi kuvaa pine moja.

MamaBirere
Na useme unabebaka nini. Miye nabebaka bitu, sitafuti pine ya kutembeza watoto kanisani.

Kijana_wa_Himbi
Pole, nilienda mbio. Ni Prado ya 2006, pine ni 265/65R17 112S. Mu mji kila siku, na kila juma mbili napeleka mama Minova, kurudia tuko batu ine na magunia ya muhogo na ndizi.

Muzee_Volan
Mutoto wangu, M/T acha. Miye naendesha mu mji huu tangu mbele ya volkano ya 2002, nakuambia apa kwetu pine haikufaka meno, inakufaka mbavu. Mawe ya ile lava ingali inatoka mu avenyu nyingi, ni makali kama chupa imevunjika, na ukienda upande wa Buhene kwenye lava ya 2021 ilipita utaona vile vile. Unapita pole pole, jiwe inasukuma pine ku mubavu, unasikia pssss, ni mwisho, mubavu ikipasuka hawazibake. Kwa hiyo swali ya kwanza si meno, uliza mubavu iko na tabaka ngapi za nyuzi. Miye niko na BFGoodrich KO2, mubavu yake iko na nyuzi tatu, inakuwa nzito kidogo na gari inakunywa mafuta zaidi, lakini naikubali.

Bukavu_Ibanda
Muzee, kwa heshima yako yote, munaongea kama Kivu ni Goma peke yake. Siye huku tuko na udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, panda Walungu na A/T halafu utuambie. Meno yake inajaa tope mara moja, pine inakuwa kama chapati, gari inateleza kuelekea bonde. M/T iko na nafasi kubwa kati ya meno, inatupa tope inje inapozunguka. Sitarudia A/T.

Fundi_Katindo
Wewe uko sawa kwa Walungu. Lakini yeye anaenda Minova. Ile nafasi kubwa inayotupa tope inakamata pia mawe, na ku lami ya mvua M/T inagusisha mpira kidogo, freni inakuwa ndefu. Halafu kelele. Mama yake atachoka mbele ya kufika Sake.

Bukavu_Ibanda
Kelele haijaua mutu.

MamaBirere
Miye niseme ya okazioni, juu ile njo iliniumiza. Nilinunua mapine ine ya Hilux na ya tano ya sekuru (ya akiba), zote kwa muuzaji mumoja. Zilikuwa zinang'aa, meno mirefu, nikashukuru Mungu. Juma ya tatu tunapanda kutoka Sake kuelekea Mushaki, gari imejaa maharagi. Sikusikia mulio mukubwa, nilisikia gari inatetemeka wakati njia ilikuwa nzuri, dereva akasema mama tusimame, mbele asimame ngozi yote ya juu ya pine ikatoka kama ganda ya ndizi, ikapiga bodi mpaka ikakunja chuma. Tukafunga ile ya sekuru. Haikumaliza hata saa moja, nayo ikapasuka ku mubavu. Mvua, giza, hakuna pine. Mama mumoja wa pale, hatujuane hata kidogo, akatuingiza kwake, akatupatia moto na chai, mungu amubariki fasi ali. Maharagi ililowana, niliiuzisha kwa hasara. Asubuhi kijana wa kuziba mapine akaniita, mama, kuja uone namba hii: 3411. Pine ilitengenezwa juma ya 34 ya mwaka 2011! Ilikuwa imekaa miaka na miaka fasi fulani, meno haikuisha juu haikutembea, lakini mpira ulishakufa. Nikarudia kwa muuzaji, akaniambia mama uliziona, ulizigusa. Ni kweli niliziona. Sikujua kusoma zile namba, na hakuna mutu alikuwa amenifundisha.

Muzee_Volan
Pole sana mama. Na mushukuru hamukuanguka bonde.

Kijana_wa_Himbi
Mama pole. Leo nilirudia kuangalia. A/T ni Yokohama Geolandar, nimesoma 0824. Zile M/T nimezunguka zote, iko alama ya DOT na herufi lakini namba ine za juma na mwaka hakuna. Muuzaji anasema zingine hazinaka.

Fundi_Katindo
Ziko nayo. Namba yote inaandikwaka ku mubavu moja tu, ya pili wanaandika nusu. Geuza pine, angalia ndani na taa. Kama ni ku janti (ringi) tayari, uingie chini ya gari. Muuzaji akikukatalia kugeuza, rudia kwako.
Na angalia ile 112. Maana yake pine moja inabeba kilo 1120. Usishuke chini ya hapo hata wakupatie bei ya kukuliza. 120 ni kilo 1400. S ni mwendo, kilometa 180 kwa saa, apa hatuna njia ya kufikisha.

Ndosho_Taxi
Miye mapine yangu imeandikwa M+S, si njo bora? Walisema ni ya mizigo na nguvu.

Fundi_Katindo
Hapana ndugu. Ni tope na teluji. Kiwanda njo inajiandikia yenyewe kufuatana na sura ya meno, hata pine laini ya lami inaweza kuwa nayo. Haiseme kitu juu ya mizigo.

Ndosho_Taxi
Basi nilidanganywa. Nililipa zaidi juu ya zile herufi.

Kijana_wa_Himbi
Swali ingine. Franga haitoshe mapine ine ya A/T. Nikinunua mbili za nyuma kwanza?

Fundi_Katindo
Kwa Prado hapana! Prado inasukuma miguu ine wakati yote. Ukiweka za nyuma mupya na za mbele zimeisha, za mbele ni ndogo, zinazunguka mara nyingi zaidi, na difransieli ya katikati inafanya kazi bila kupumzika. Ngoja ukusanye ine.

Muzee_Volan
Apo tunapingana. Nimeona Prado nyingi na mbili mbili, zinatembea.

Fundi_Katindo
Zinatembea muzee, halafu zinafika kwangu garaji.

Bukavu_Ibanda
Mimi ningeuzisha janti za 17 nikamate za 16, na 265/70R16. Kimo ya pine inabakia ile ile, karibu milimita 777, saa ya mwendo haidanganye, lakini mubavu inapanda kutoka 172 mpaka 185. Ile nafasi yote ni mpira wa kumeza mawe.

Muzee_Volan
Apo umesema vizuri. Lakini apime kwanza kama janti ya 16 haigusi freni. Na zamani hatukuwa na hizi pana. Land Cruiser na 7.50R16, nyembamba, inakata tope inatafuta udongo mugumu chini. Pana inaelea.

Bukavu_Ibanda
Muzee, kwa mchanga nyembamba inazama!

Muzee_Volan
Mchanga uko wapi Masisi?

MamaBirere
Mumemusahau mutoto. Kijana, upepo unawekaka ngapi?

Kijana_wa_Himbi
Yule wa kona yetu anawekaka mpaka pine inakuwa ngumu kama jiwe, anasema njo inazuia kupasuka.

Fundi_Katindo
Iko karatasi ku mulango wa dereva, fuata ile, upime asubuhi mbele ya kutembea. Ukibeba magunia ongeza kidogo nyuma. Ngumu sana jiwe inatoboa, laini sana mubavu inatoka inje inakutana na makali.

Muzee_Volan
Miye ku mawe nashushaka kidogo, na sijapasua miaka mingi.

Fundi_Katindo
Na KO2 yako ya nyuzi tatu, muzee. Yake haiko ile.

Kijana_wa_Himbi
Bandugu, aksanti. Kesho narudia kugeuza zile M/T na taa, halafu ile ya janti za 16 inaniingia mu kichwa. Mutu anajua zinauzwaka wapi, janti ya chuma, si ya alumini?

Ndosho_Taxi
Nami nauliza, sekuru ya jipe inafungwaka je isiibiwe? Yangu iko inje ku mulango wa nyuma, na ni ya pili sasa naibiwa.