MJADALA: Sheria iguse muundo wa mitandao ya kijamii, au kila mtu ajidhibiti mwenyewe?

MbunifuDar (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tuijadili mada hii bila kuichanganya na ile ya maudhui. Kila siku tunabishana posti gani ifutwe na nani ashtakiwe, wakati mtambo unaoamua posti ipi ifike kwa watu milioni hauguswi. Msimamo wangu ni huu: sheria isiguse neno lolote aliloandika mtu. Iguse mipangilio ya awali, yaani hali ambayo programu inakuja nayo kabla hujabonyeza chochote, kwa sababu walio wengi hawaibadilishi kamwe.

Mfano ulio wazi ni Facebook. Mwaka 2016 walileta alama za hisia: moyo, kicheko, mshangao, huzuni, hasira. Kuanzia 2017 mfumo wa kupanga posti ukahesabu kila alama hizo kuwa sawa na laiki tano. Hakuna aliyeandika "sambazeni hasira". Namba 5 peke yake ilitosha. Posti ya kuchokoza ikivuna alama inapandishwa, inaonwa na wengi zaidi, inavuna tena. Nyaraka za ndani alizotoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, mwaka 2021 zilionyesha kwamba wataalamu wa kampuni hiyohiyo walishabaini kuwa posti zenye hasira nyingi zilibeba zaidi uzushi na matusi. Septemba 2020 uzito wa hasira ukashushwa hadi sifuri. Uzushi na picha za kikatili zikapungua, na watu hawakupunguza kutumia Facebook. Kwa miaka mitatu tabia za mabilioni ya watu ziliendeshwa na namba za aina hiyo, ambazo hakuna bunge lililoziona.

Fundi Programu

Naongezea upande wa mtambo, maana wengi husema "algorithimu", yaani hesabu inayoamua posti ipi itangulie, kama vile wanataja jini.

Hatua ya kwanza, mfumo unakusanya posti mia kadhaa au elfu kadhaa zinazoweza kukufaa. Ya pili, kwa kila posti unakadiria uwezekano wa wewe kufanya jambo fulani: kulaiki, kutoa maoni, kushea, kutazama video hadi mwisho. Ya tatu, kila makadirio yanazidishwa kwa uzito wake, kisha yanajumlishwa. Posti A ina uwezekano wa laiki 0.20 na wa maoni 0.01. Posti B, ya ugomvi, ina laiki 0.05 na maoni 0.04. Laiki ikiwa na uzito 1 na maoni 15, A inapata 0.35 na B inapata 0.65. Ugomvi unakaa juu. Shusha uzito wa maoni uwe 3: A inapata 0.23, B inapata 0.17, na mpangilio unageuka. (Hizi ni namba za mfano, ila hesabu yenyewe ndivyo inavyokwenda.)

Kisha kuna vitu vinavyoondoa mahali pa kusimama. Kuskroli bila mwisho kulibuniwa na mbunifu wa programu Aza Raskin mwaka 2006, naye amesema hadharani kwamba anajuta. Zamani ulifika chini ya ukurasa, ukalazimika kubonyeza "ukurasa wa pili". Kile kitendo kidogo kilikuwa nafasi ya kujiuliza kama unaendelea. Video inayojicheza inafanya kazi ileile, tena kwa gharama ya bando lako: video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kwa dakika, karibu MB 450 kwa saa.

Wakili_Pwani

Nawaheshimu mafundi, lakini napinga, na sababu yangu iko hapahapa kwetu.

Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, mitandao ikafungwa. Tanzania mwaka 2018 ilitunga kanuni zilizowalazimu wenye blogu kulipia leseni. Hizi ndizo serikali mnazotaka ziwe na sauti juu ya posti ipi itangulie. Leo wataandika "muundo wenye madhara", kesho madhara yatakuwa ni habari za maandamano kusambaa haraka.

Pili, ushahidi wenu una tobo. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020, watafiti waliwaondolea baadhi ya watumiaji wa Facebook na Instagram mpangilio wa algorithimu kwa miezi mitatu, wakapewa posti kwa kufuata muda. Matokeo yalichapishwa Julai 2023: watu walitumia muda mchache zaidi mitandaoni, lakini misimamo yao ya kisiasa haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Zaidi ya hapo, waliona habari nyingi zaidi kutoka vyanzo visivyoaminika. Kama dawa ni kurudisha mpangilio wa muda, mgonjwa hajapona.

MbunifuDar

Wakili, utafiti huo naukubali, ila usome ulichopima. Miezi mitatu, katikati ya uchaguzi, kwa watu waliokwisha kuwa na misimamo. Tena sijasema mpangilio wa muda ndio dawa. Na hilo la muda kupungua, ambalo umelipita haraka, ndilo kiini cha mada: muundo ulibadilika, tabia ikabadilika.

Hofu ya serikali ninaikubali kabisa. Ndiyo maana nataka tuangalie muundo usiojali maudhui. WhatsApp mwaka 2018 iliweka kikomo cha kufowadi kwa mazungumzo 5 nchini India, baada ya watu kuuawa na makundi yenye hasira kwa sababu ya uvumi. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa mazungumzo moja tu kwa wakati, na kampuni ikasema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyesoma ujumbe wa mtu. Anayetaka kutuma bado anatuma, ila kwa kazi zaidi.

Mwalimu wa Mtandao

Ndugu zangu, wakati sheria zinasubiriwa, mtumiaji ana vya kufanya leo. YouTube: zima historia ya kutazama na ufute iliyopo, ukurasa wa mwanzo utabaki bila mapendekezo, utafute unachokitaka mwenyewe. Facebook: kwenye mipangilio ya media, zima video zinazojicheza. Instagram: gusa jina la programu juu, uchague unaowafuata tu. WhatsApp: kwenye faragha unaweza kuzima alama za bluu, lakini nawe hutaziona za wengine, na kwenye makundi zinabaki.

Arifa ndizo zenye nguvu kuliko vyote. Acha za ujumbe wa mtu kwa mtu, zima za "fulani ameposti" na "huenda ukapenda".

Fundi Programu

Asante Mwalimu, lakini tazama hiyo hatua ya Instagram. Kwa kawaida ukifunga programu na kuifungua tena, unarudishwa kwenye mpangilio wao. Umechagua, na chaguo lako halikutunzwa. Oktoba 2025 mahakama ya Amsterdam iliiamuru Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, iwawezeshe watumiaji wa Uholanzi kuchagua mpangilio usiotegemea taarifa zao binafsi, na chaguo hilo lidumu. Ilitumia sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayozibana zaidi kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 45 huko, na faini yake hufika asilimia 6 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima. Mtu hawezi kujidhibiti kwa swichi inayojirudisha yenyewe.

Wakili_Pwani

Hapo kwenye chaguo kudumu, nakubali. Na zingatia kwamba lililotamka ni mahakama, waziri hakuhusika. Njia hiyo ipo kwetu pia: Desemba 2022 ilifunguliwa kesi Mahakama Kuu ya Kenya, ikidai kwamba algorithimu ya Facebook ilisukuma mbele posti za chuki wakati wa vita vya Ethiopia, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza. Tatizo litakuwa ushahidi. Mlalamikaji atathibitishaje namba ya uzito iliyokuwa ikitumika usiku posti fulani iliposambaa?

MbunifuDar

Kwa kumbukumbu. Kila mabadiliko ya uzito huandikwa ndani ya kampuni: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, matokeo ya majaribio. Sheria idai zitunzwe miaka 5 na zitolewe kwa amri ya mahakama.

Wakili_Pwani

Kwa amri ya mahakama pekee, nitaunga mkono. Mkiongeza "au kwa maelekezo ya waziri", nitarudi kupinga kifungu kizima.