Muziki wa Street Fighter II (CPS1): pointa za ROM ya sauti hazilingani na faili

kinanda_2151:
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaoijua CPS1, ile bodi ya Capcom ya mashine za gemu. Nataka kubadilisha muziki wa Street Fighter II ile ya mashine za sarafu ya 1991, yani noti zenyewe, sio sampo (sauti zilizorekodiwa). Faili la ROM ya sauti, sf2_9.12a (KB 64), nimelifungua kwa heksa (kuona baiti moja moja) ila pointa nyingi (namba zinazoonyesha data iko wapi) nikizifuata zinanipeleka pasipoeleweka kabisa. Halafu nikigusa baiti moja tu MAME (emuleta ninayochezea) inalalamika cheksamu (namba ya kuhakiki faili). Naanzia wapi?

fundi_z80:
Mkuu cheksamu isikusumbue, ni onyo tu, jina na ukubwa wa faili vikibaki vilevile gemu itawaka.

Shida yako ni benki. Z80, prosesa inayoendesha sauti, inaona KB 64 tu na humohumo inabidi ziingie RAM (anwani D000, namba za heksa) na chipu za sauti, YM2151 ya noti iko F000 na F001, OKI ya sampo iko F002, sasa ROM nzima itatosha wapi? Ndo maana KB 32 za mwanzo zimekaa palepale 0000 hadi 7FFF na zilizobaki zinapokezana vipande vya KB 16 (ndo benki hizo), vyote vikionekana 8000 hadi BFFF. Kwahiyo pointa ikisema 9000, kwenye faili inaweza kuwa 9000 au D000. Na mpangilio wa baiti usiukisie, jaribu pande zote mbili.

bitimapigo:
Naongezea, usiwinde kwa macho kwenye heksa utachoka bure. Washa MAME na -debug (inakuonyesha prosesa inafanya nini), andika focus audiocpu, kisha wpset 8000,4000,r hapo Z80 ikisoma benki inasimama na unaona anwani. Cheki pia inachoandika YM2151, rejista (sehemu za kuandikia maagizo kwenye chipu) 28 hadi 2F ndo noti za chaneli nane. Baiti ikisomwa halafu noti ikatoka, ibadilishe hiyo moja usikilize. Ngoma na sauti za wapiganaji usizitafute humo, ziko sf2_18.11c na sf2_19.12c za OKI.

kinanda_2151:
Aisee asanteni sana, kumbe benki! Nimeongeza KB 16 kwenye pointa zilizokuwa zinanisumbua na melodi nimeiona, nimebadilisha noti kadhaa na inasikika safi. Sasa nikitaka wimbo uwe mrefu zaidi?

fundi_z80:
Hongera mkuu! Usichomeke baiti katikati, kila kilicho mbele kitasogea na pointa zote zitapotea. Tafuta eneo lililojaa FF tu, andika mfuatano mpya hapo uelekeze pointa ya chaneli huko, ila liwe benki hiyohiyo. Na kila chaneli ina mfuatano wake, ukirefusha moja refusha na zingine kwa muda uleule, la sivyo ikifika kujirudia utasikia kama bendi ambayo mpiga besi kaanza ubeti peke yake. Vyombo viache kwanza, ile FM (sauti za YM2151) ya Capcom ni tamu mno kuivuruga mapema.