Nimepigwa na tovuti ya kamera za watu wazima iliyopewa nyota tano. Hao wanaoandika "ni salama" wanalipwa na nani?

Wakuu,

Wenye kucheka chekeni kwanza mmalize, halafu tuongee. Mods, naomba uzi usihamishwe kwenye jukwaa la vichekesho, maana hapa kuna hela ya mtu imeondoka.

Niko Mtwara mjini, Magomeni. Sina mke, nina miaka thelathini na nne, kwa hiyo mawaidha ya ndoa pelekeni kwa wenye ndoa. Hela ya korosho ilikuwa imeingia siku mbili nyuma, bando la usiku lipo, usingizi hakuna. Nikasema leo nami nizione hizo tovuti za watu wanaojirusha laivu kwenye kamera, ambazo vijana wa kijiweni wanazitaja kila siku.

Kinachoniuma ni kwamba sikukurupuka. Kabla ya kujiunga nilitafuta kwanza: hii ni salama? Ni ya kuaminika? Ikaja kurasa moja ndefu, imeandikwa kitaalamu, ina jedwali. Alama 9.8 kwa 10. Nyota tano. "Wanawake wote wamethibitishwa." "Ina kufuli, taarifa zako ziko salama." Chini kuna kitufe kikubwa cha kijani cha kukupeleka huko. Nikabonyeza kama kondoo.

Baada ya kulizwa ndiyo nikarudi kukiangalia kile kitufe vizuri. Ukikibonyeza kwa muda mrefu ili uone anwani yenyewe, unakuta jina la tovuti, halafu alama ya kuuliza, halafu mkia wa herufi na namba. Ule mkia ni utambulisho wa aliyeandika ile kurasa. Kila anayejiunga kupitia kwake na kulipa, yeye anakatiwa chake. Yaani nilikwenda stendi ya Mkanaledi nikamuuliza mpiga debe kama basi lina breki! Atakujibu nini? Atakubebea na begi.

Na hili la kufuli liishe leo. Kufuli juu ya anwani maana yake ni kwamba njia kati ya simu yako na kompyuta yao imefungwa, mtu wa katikati hasomi. Basi. Huyo wa upande wa pili ni nani, kufuli halijui na wala halikuambii. Cheti chake kinapatikana bure, tapeli anakiweka ndani ya dakika chache. Mnaowaambia wenzenu "angalia kufuli tu" mnawapoteza watu.

Sasa niwape nilichokiona kwa macho yangu.

Nilipofungua tu, ikaja picha ya binti na maandishi ya Kiswahili: "Hujambo mpendwa, mimi ni mwanamke wa upweke katika Dar es Salaam, kilomita 3 kutoka wewe." Kilomita tatu! Mimi niko Mtwara, Dar ni zaidi ya kilomita mia tano hamsini za lami, na ukipata basi lenye dereva mwenye huruma unaamka alfajiri kufika jioni. Tovuti inasoma anwani ya intaneti ya simu yako, na laini zetu nyingi zikiwa mikoani zinasomeka kama ziko Dar. Inachukua jina la mji na kulibandika kwenye sentensi. Binti huyohuyo mwenzangu wa Lindi angemwona yuko kilomita tatu naye pia. Hapo ningetoka. Sikutoka.

Nikalipia. Nitaeleza. Akaja "laivu". Nyuma yake kuna saa ya ukutani, ya plastiki nyekundu, inasoma saa nne na dakika kumi. Kwetu ilikuwa saa saba usiku, nikasema sawa, labda yuko nchi nyingine, ingawa dakika tano zilizopita alikuwa Dar. Kesho yake usiku nikaingia tena, saa tofauti kabisa. Ile saa ya ukutani: nne na dakika kumi. Nikadhani betri imekufa. Hapana, mshale wa sekunde unazunguka. Wakuu, mrembo nikamsahau, nikakaa naiangalia saa. Ikafika nne na dakika ishirini na moja, picha ikaruka kidogo kama jicho linavyopepesa, tukarudi nne na dakika kumi. Nikamwandikia: nyoosha vidole vitatu. Akanijibu, "Wewe ni mzuri sana, ongeza tokeni," yaani ninunue zaidi zile pointi zao za kulipia. Vidole havikunyooka mpaka leo.

Ilikuwa video ya dakika kumi na moja. Nimeilipia.

Kuhusu malipo. Waliniambia niweke kadi "kuthibitisha umri tu", dola moja. Nikaamini kwa sababu nilishasikia kwamba Uingereza tangu Julai 2025 sheria inazibana tovuti hizi zihakiki umri wa mtu. Wajanja wameidandia hiyo hiyo. Sijajiuliza sheria ya Uingereza inamtaka nini mtu wa Magomeni. Nikaweka kadi ya mtandaoni ninayoitengeneza kwenye simu, yenye hela niliyotenga kwa vibarua wa palizi. Siku ya tatu meseji ya kwanza: dola 39.95. Nusu saa haijapita, nyingine, kiasi kama hicho, jina jingine kabisa. Jumla karibu laki mbili. Kumbe kwenye fomu, chini, kwa maandishi ya saizi ya mbegu ya ufuta, ile dola moja ilikuwa uanachama wa majaribio wa siku mbili unaogeuka wa mwezi usipoufuta. Na kuna kiboksi kilikuwa kimeshawekewa tiki kabla mimi sijafika, cha kuniunganisha na tovuti dada. Sikukiweka mimi!

Nikaenda ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa mezani mpole, ila sauti yake ni ya muadhini. "Kaka, hayo malipo yalikuwa ya nini?" Foleni nyuma yangu watu saba, wa tatu ni mama anayesali na mama yangu. Nikasema ni kozi ya kompyuta. "Kozi gani inaitwa hivi?" akaanza kulisoma lile jina la kwenye taarifa, herufi moja moja. Bahati hilo jina halifanani na jina la tovuti, wanafanya makusudi. Akanijazia fomu ya kupinga malipo, akaniambia nisiifute kadi mpaka madai yafungwe, ila niiache tupu.

Mtaniambia nenda polisi. Nikaseme nini? Nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayokataza kusambaza picha za ngono, na mimi si msambazaji, lakini nani atanisikiliza mpaka hapo kabla hajaangua kicheko? Wezi wanaijua hiyo aibu, ndiyo mtaji wao. Namba 15040 ya kuripoti matapeli ni nzuri kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nimewahi kuitumia. Huyu wa kwangu hana namba.

Na msidhani zile kubwa zenye majina ndiyo salama. Mwaka 2016 kundi la Friend Finder Networks lilivuja akaunti zaidi ya milioni 400, ndani yake akaunti kama milioni 62 za tovuti yao ya kamera, Cams.com. Kilichonitia baridi ni kwamba zaidi ya milioni 15 zilikuwa za watu waliokwishazifuta. Umefuta, wao wametunza. Mwaka 2020 watafiti wakaikuta hifadhidata ya CAM4 iko wazi mtandaoni bila nywila, rekodi karibu bilioni 11, kuna majina, barua pepe, taarifa za malipo, mazungumzo. Hiyo ilikuwa tovuti halisi, yenye watu halisi kwenye kamera. Kwa hiyo kuna kuaminika kwamba haikuibii, na kuna kuaminika kwamba haikumwagi. Nyota tano hazikuambii ni kipi kati ya hivyo.

Ningeyajua ningefanya haya, na mwenye nyongeza aweke. Tarehe ya kusajiliwa jina la tovuti unaitazama bure kwenye huduma za WHOIS. Nimeitazama ya kwangu baadaye, ilikuwa na wiki tisa, na ile kurasa ya sifa ilidai "inaaminika kwa miaka mingi". Sheria ya Marekani inawataka watengenezaji wa mambo haya watunze kumbukumbu za umri wa wanaoonekana, na tovuti za huko huweka tamko la namba 2257 chini ya kurasa. Tapeli anaweza kulinakili, ila wangu hata uvivu wa kunakili alikuwa nao. Na jina la mkataji wa hela litafute kabla hujaweka kadi. Nilipolitafuta mimi nikakuta wenzangu wanalia kwa lugha nne.

Jambo moja la haraka: binti akisema tuhamie WhatsApp tupige video, kata. Jamaa yangu wa Masasi alihamia, wakamrekodi, wakamtumia orodha ya marafiki zake wa Facebook na kudai hela. Alilipa mara mbili, wakadai ya tatu.

Nawauliza nyie mnaobandika viungo humu na kusema "nimetumia mwenyewe, iko poa": je, kiungo chako kina mkia? Leta tuuone.

Nyongeza, saa kumi na mbili asubuhi: usiku wa kuamkia leo wamejaribu kukata mara nne. Meseji zote nne ninazo, salio halitoshi. Mle ndani nimewaachia shilingi mia tatu na arobaini.