Kutumia SFIA kupanga wafanyakazi wa TEHAMA: tuanzie wapi?

Afisa rasilimali watu, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafanya kazi katika taasisi binafsi yenye wafanyakazi 38 wa TEHAMA, na karibu wote wana cheo kimoja cha Afisa TEHAMA, ingawa mmoja anatunza hifadhidata, mwingine anasimamia mtandao, na mwingine kutwa nzima anapokea simu za watumiaji waliosahau nywila. Mwaka jana, alipoondoka mtaalamu wetu wa usalama wa mifumo, tuligundua kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni nani angeishika kazi yake. Tulifungua majalada ya watumishi, tukakuta vyeti vya masomo na barua za ajira tu.

Menejimenti sasa inataka tutumie SFIA, mwongozo wa kimataifa unaoeleza stadi za kazi za kidijitali. Nimepitia toleo la 9 la mwaka 2024, lenye stadi 147 na ngazi saba. Je, kila mfanyakazi apimwe kwa stadi zote hizo? Na je, ngazi hizo zinaweza kugeuzwa kuwa ngazi za mishahara? Pendekezo hilo la pili liko mezani, nalo lina­nitia mashaka.

Msimamizi wa mifumo, Nairobi

Ndugu, usimpime mtu kwa stadi 147. Orodha hiyo ni kama ghala: unaingia kuchukua unachohitaji, kisha unafunga mlango. Kwa kawaida kazi ya mtu mmoja huelezeka vizuri kwa stadi chache tu, na zikizidi sana, maelezo hayo hayasomwi tena na yeyote.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni maana ya zile ngazi. Hazipimi wingi wa maarifa wala miaka kazini, bali uzito wa wajibu ambao mtu anaubeba. Wa ngazi ya 1 hufuata maelekezo, wa 2 husaidia, wa 3 hutekeleza kazi yake bila kusimamiwa kila hatua, wa 4 huwawezesha wengine, wa 5 huhakikisha mambo yanakwenda sawa na kutoa ushauri, wa 6 huanzisha mambo na kushawishi maamuzi, na wa 7 huweka mkakati wa taasisi nzima. Kwa hiyo unapojiuliza fulani yuko ngazi gani, tazama ana uhuru kiasi gani wa kuamua, maamuzi yake yanawagusa akina nani, na matatizo anayokabidhiwa yana ugumu gani.

Tena, si kila stadi ina ngazi zote saba. Uandishi wa programu, kwa mfano, hauna ngazi ya 7, kwa sababu anayeweka mkakati wa taasisi hafanyi hivyo kwa kuandika programu. Vilevile mtu mmoja anaweza kuwa ngazi ya 4 katika kushughulikia hitilafu na ngazi ya 2 katika usalama wa mifumo, na tofauti hiyo ndiyo hasa mliyoikosa mwaka jana. Ningekuwa mimi, ningeanza na eneo hilo moja la usalama, kabla ya kugusa watu wote 38.

Meneja rasilimali watu mstaafu, Mwanza

Mashaka yako kuhusu mishahara ni ya haki, na ninakuomba uyatetee mbele ya menejimenti. Katika taasisi moja niliyowahi kuitumikia, ngazi za ujuzi zilifungamanishwa na malipo tangu siku ya kwanza. Kila mfanyakazi alijipa ngazi ya juu, kila msimamizi akamshusha, na badala ya kujua nani anaweza nini tukatumia miezi mingi kusikiliza rufaa. Taarifa zote tulizokusanya zilikuwa zimekwisha kuharibika, kwa kuwa hakuna mtu atakayekiri kwamba hajui jambo fulani iwapo kukiri huko kunampunguzia kipato.

Tulipoanza upya, tulimtaka kila mtu alete ushahidi wa kazi aliyoifanya mwenyewe: taarifa ya hitilafu aliyoitatua, mpango wa kuhifadhi nakala za data aliouandaa, au mfanyakazi mpya aliyemfundisha. Cheti tulikipokea, lakini kama dalili ya maarifa tu, kwani SFIA yenyewe inahesabu kwamba mtu ana stadi pale anapoitumia katika kazi halisi. Kabla ya hapo tulikaa na wafanyakazi, tukayaeleza maelezo ya kila ngazi kwa Kiswahili cha kila siku, tukitumia mifano ya ofisi yetu. Kikao hicho kilisaidia kuliko fomu zote.

Mtumishi wa umma, Dar es Salaam

Ninaongeza dogo kwa wanaosoma kutoka serikalini. Kwetu, kupanda cheo kunafuata miundo ya maendeleo ya utumishi, pamoja na sifa za elimu, tathmini ya utendaji na ikama (idadi ya nafasi za kazi) iliyoidhinishwa. Mwongozo wa aina hii hauwezi kuchukua nafasi ya hayo. Unaweza, hata hivyo, kusaidia sana katika kupanga mafunzo na kuandaa warithi wa nafasi.

Afisa rasilimali watu, Dodoma

Ninawashukuru sana. Nitapendekeza tuanze na timu ya usalama na ya mtandao, watu tisa, bila kugusa mishahara. Limebaki moja: je, tunapaswa kulipia leseni?

Msimamizi wa mifumo, Nairobi

Kwa matumizi ya ndani ya taasisi, kwa kawaida ni bure baada ya kujisajili. Leseni ya kulipia inawahusu wanaouza huduma au bidhaa zilizojengwa juu ya mwongozo huo, kwa hiyo mkimleta mshauri wa nje, mwulizeni kwanza kama anayo. Na kwa wale tisa, anzeni kwa kuandika kazi ambazo yule aliyeondoka alikuwa akizifanya kila wiki, ndipo mtafute stadi zinazolingana nazo.