Dogo anataka Civic Type R mpya Marekani, yadi wameweka cha juu dola 8,000. Hii kitu ni halali?

Mtemi_wa_Isevya:
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini hapa Isevya. Nina mdogo wangu yuko Texas anaendesha malori, kijana hana makuu, hanywi, hajaoa, ila ana ugonjwa mmoja tu wa magari toka yuko shule ya msingi, yaani ikipita Altezza yenye bomba kubwa anaacha ugali anakimbilia barabarani. Sasa kaamua kununua Honda Civic Type R, ile Civic ya spoti, mpya ya kampuni, siyo yuzdi. Kanitumia picha, kwenye kioo kuna karatasi ya bei dola 46,000 na ushee, halafu pembeni yake yadi wamebandika karatasi yao wenyewe wameongeza 8,000 wanaita "marekebisho ya soko", na chini kuna vikorombwezo, filamu ya vioo, dawa ya kulinda rangi, naitrojeni kwenye matairi (upepo jamani, wanauza upepo) navyo vinafika 1,500.

Kilichonileta hapa ni kwamba kodi za nyumba ya marehemu mzee nazikusanya mimi, na dogo anataka nimtumie fungu lake lote akajazie malipo ya awali. Hela ni yake sikatai, ila roho inaniuma kutuma hela ya mpangaji wa Isevya ikaliwe na winga wa Texas. Naombeni kujua, kule ambako tunaambiwa kila kitu kina bei yake imeandikwa, cha juu kinaruhusiwaje tena kinabandikwa hadharani? Na kuna namna ya kupunguziwa au ndo basi? Msije na habari za kumwambia anunue shamba, shamba analo Urambo.

mgebuka_wa_kibirizi:
8,000 si kama milioni 20 hivi? Kwa cha juu tu?? Mimi hapa Kigoma dalali akinilamba laki mbili kwenye pikipiki namsema mpaka kwa mama yake. Na hiyo gari ilivyo chini tuta la kwanza tu la kuingia mjini inaacha bampa.

Mtemi_wa_Isevya:
Haileti huku mkuu, ni ya kuendeshea hukohuko. Usukani wenyewe uko kushoto.

kasulu_mpaka_kentucky:
Kaka Mtemi shikamoo, hapa umepata mtu. Mimi nimekulia Nyarugusu, sasa hivi niko Kentucky na kazi yangu ni kwenye yadi ya magari mapya, nilianza kuosha gari sasa nakaa meza ya mauzo, kwaiyo haya mambo nayaona kila siku.

Kwanza elewa yadi siyo ya Honda. Ni mali ya mfanyabiashara binafsi mwenye mkataba wa kuuza Honda, na sheria za majimbo mengi zinazizuia kampuni zenye mawakala zisiuze zenyewe moja kwa moja kwa mteja. Tesla hana mawakala ndo maana anauza mwenyewe kwa bei yake aliyoweka. Sasa ile karatasi kubwa ya kioo inaitwa Monroney, ni jina la seneta wa Oklahoma aliyesimamia sheria ya mwaka 1958. Hiyo sheria inalazimisha ibandikwe bei inayopendekezwa na kampuni, vifaa vilivyomo na gharama ya kusafirisha, na ni kosa kuibandua kabla mteja hajakabidhiwa gari. Lakini ona neno lenyewe, inayopendekezwa. Inamlazimisha muuzaji kuionyesha, haimlazimishi kuifuata. Kwaiyo jibu la swali la kwanza ni halali, hata kama inauma.

Balaa lilikuwa 2021 na 2022, chipu za magari zilipoadimika viwanda vikashindwa kutoa gari za kutosha, hata gari za kupeleka watoto shule zilikuwa na cha juu. Ford na GM mwaka 2022 waliwaonya mawakala wao kwamba anayezidisha anaweza kunyimwa mgao wa gari. Serikali nayo Desemba 2023 ikapitisha kanuni ya kuzuia gharama za kificho kwenye yadi, mahakama ya rufaa ikaifuta Januari 2025. Ndo hali ilivyo. Kwa sasa gari za kawaida unapunguziwa vizuri tu, cha juu kimebaki kwenye zinazoletwa chache, na Type R ni mojawapo.

Kuhusu kupunguziwa, yadi inanunua gari kiwandani kwa bei ya ankara iliyo chini ya ile ya kioo, halafu ikishauza kampuni nyingi zinairudishia kama asilimia 2 hadi 3, na mara nyingine mwisho wa mwezi kuna bonasi ikifikisha idadi. Kwaiyo muuzaji akikulilia kwamba kwa bei ya kioo anapata hasara usimfute machozi. Ila tusidanganyane, kwa Type R kuipata kwa bei ya kioo bila nyongeza tayari ni ushindi, kushuka chini ya hapo sitamtia dogo matumaini.

Cha kufanya, asiende tena kukaa kwenye kiti cha yadi akapewa kahawa. Aandike imeili kwa yadi nyingi za majimbo tofauti aulize kitu kimoja tu, bei ya mwisho ya kutoka nayo getini, kodi, usajili na karatasi vyote ndani. Yeye ni dereva wa lori si anazunguka? Yadi za miji midogo mara nyingi hazina wateja wa hizi gari za spoti, zinataka iondoke. Na asiogope jimbo lingine, kwa kawaida kodi ya mauzo anafuatwa nayo pale anaposajili, Texas ni asilimia 6.25 hata angenunua wapi. Ila aangalie ada ya kuandaa karatasi, New York imewekewa ukomo wa dola 175 lakini Florida haina ukomo, kule wanakuchapa wanavyotaka.

Mama_Nasra_Gungu:
Nyie wanaume mnamlilia huyo muuzaji wa watu bure. Mimi nina duka hapa Gungu, sukari ikiadimika bei inapanda na mnanunua kimya kimya, ikijaa nashusha mwenyewe kabla hamjaniomba. Gari ni hivyohivyo. Mwenye yadi kapewa gari moja wanaitaka watu kumi, kwa nini asiongeze? Wizi ni huo upepo wa matairi na ile bei unayoambiwa kwenye simu ukifika inabadilika, hapo ndo pa kugomba. Ila 8,000 kaibandika kwenye kioo unaiona kwa macho yako, hutaki ondoka. Shida ni dogo wako baba, ameshaonyesha meno, muuzaji keshajua huyu hatoki hapa bila gari.

kasulu_mpaka_kentucky:
Mama Nasra shikamoo, kwenye kuonyesha meno umegonga penyewe. Sisi tunawajua kuanzia anavyofungua mlango. Mteja akishauliza "rangi nyeupe mnayo?" kabla ya kuuliza bei, bosi wangu anatabasamu.

jdm_nzega:
Mnaongelea Marekani tu, Japani nako kuna vituko vyake. GR Corolla, ile Corolla ya spoti ya Toyota, ilipotoka 2022 kule waliiuza kwa bahati nasibu, unajaza jina unasubiri kuitwa, na Land Cruiser 300 ilipotoka wanunuzi waliwekewa sharti la kusaini kwamba hawataiuza ndani ya mwaka, walikuwa wanaogopa madalali wa kuzipeleka nje. Na hata ukiipata, kuileta Bongo piga hesabu kabla hujaota. Gari ya injini kama hiyo ya 1600, ikifika bandarini kwa thamani ya milioni 100, weka ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa 5, juu yake tena VAT 18, unakuta karibu milioni 155 na bado tozo ndogondogo. Hapo cha juu cha TRA kinamfanya yule wa Texas aonekane mstaarabu.

mgebuka_wa_kibirizi:
Kwaiyo ndo maana tunabaki na IST 😂

Mtemi_wa_Isevya:
Marahaba mdogo wangu wa Kentucky, Mungu akuzidishie, na wewe mama Nasra nimekuelewa ingawa sukari yako kwa kweli ile ya mwaka jana ulituumiza wote mpaka huku. Nimeongea na dogo usiku huu. Anasema yule muuzaji kampigia mwenyewe, yuko tayari kuishusha ile 8,000 ibaki 3,000, sharti achukue mkopo kupitia kwao hapohapo yadi, miaka 6. Dogo anashangilia. Mimi nikasema ngoja kwanza.

kasulu_mpaka_kentucky:
Umefanya la maana, akatae au aiombe kwa maandishi. Hapo cha juu hakijaondoka, kimehamia kwenye riba. Yadi haikopeshi yenyewe, inapeleka maombi benki, benki inasema mfano asilimia 6, yadi inakuandikia 8 na tofauti wanagawana. Kwa mkopo wa dola 40,000 wa miaka 6 hizo asilimia 2 ni kama dola 2,700 na kitu, na huioni popote kwa sababu wewe unaongelea malipo ya mwezi tu. Mwambie aende kwanza chama cha akiba na mikopo cha huko, ni kama SACCOS zetu, apate barua ya mkopo na riba yake, ndo arudi nayo yadi aseme mkinipa chini ya hapa nachukua kwenu. Wakishuka poa, wasiposhuka analipia na barua yake. Na hiyo 3,000 iliyobaki aibane na vile vikorombwezo 1,500 vifutwe, filamu kama haijabandikwa hana sababu ya kuilipia.

Akiweza kusubiri asubiri. Nissan Z ilipoingia 2022 watu waliongezewa maelfu ya dola, baada ya muda zikaanza kulala yadi, waliosubiri wakazichukua chini ya bei ya kioo. Sisemi Type R itafika huko, Honda analeta chache, ila miezi michache haimuui.

Mama_Nasra_Gungu:
Na wewe Mtemi fungu lake usilitume lote. Tuma nusu, mwambie mpangaji kachelewa.

Mtemi_wa_Isevya:
Hahaha mama Nasra unataka nigombane na damu yangu. Nimemtumia maelezo yote ya Kentucky neno kwa neno, kaambiwa aende chama cha akiba kesho asubuhi. Kasoma, tiki za bluu hizo hapa. Jibu lake: "Kaka sawa, ila muulize huyo jamaa kwenye yadi yao nyeupe ipo?"

kasulu_mpaka_kentucky:
😂😂 Ipo moja. Mwambie aniandikie imeili kama wateja wengine, asifike.