Udalali wa kupangisha, kuuza viwanja vya kampuni au kununua kiwanja kwanza? Nina milioni 6

MtotoWaTabata
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 27, nimefanya kazi dukani Kariakoo miaka minne, mwezi uliopita nimeacha na nimebaki na milioni 6 na pikipiki yangu. Nataka kuingia kwenye nyumba na viwanja moja kwa moja sio kubahatisha. Naona njia tatu. Ya kwanza niwe dalali wa kupangisha hapa hapa Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi, mitaa yote naijua. Ya pili niende kwenye hizi kampuni zinazokata mashamba kuwa viwanja Kibaha na Kigamboni, wanachukua watu wa kuuza ila ni kamisheni tu hakuna mshahara. Ya tatu hela yote niiweke kwenye kiwanja Chanika au Mkuranga nikae nacho mpaka kipande bei. Mwenye uzoefu anilinganishie kwa ukweli, hasa miezi sita ya kwanza maana nina mke na mtoto mchanga.

dalali_wa_sinza
Mkuu karibu, mimi nina mwaka wa tisa kwenye hii kazi na watoto wanasoma kwa hii hii. Kupangisha hela yako ni mwezi mmoja wa kodi, anatoa mpangaji. Chumba na sebule cha laki na nusu ukipangisha vinne kwa mwezi inasomeka laki sita, ila usiipigie hesabu yote, maana mwenye nyumba ana dalali wake na mteja kaja na dalali wake, wakati mwingine katikati yupo wa tatu aliyetoa namba tu, mnagawana. Weka nusu. Na miezi miwili ya mwanzo weka sifuri kabisa.

Kinachomlisha dalali ni funguo. Mwenye nyumba akikuachia funguo wewe ndio unajua chumba kipo wazi kabla hata mpangaji hajafunga virago. Mimi nilipoanza kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nazunguka kwa wenye nyumba, nasalimia, nauliza lile bomba limetengenezwa, yule wa chumba cha mwisho kalipa, basi naondoka, siku hiyo sipati hata mia. Kuna mama ana vyumba vinane uani, mwaka wa tatu akaniita akanipa kishada cha funguo kimefungwa na kamba ya kiatu, akaniambia mwanangu mie naenda Tanga kwa mjukuu wangu, shika hizi. Mpaka leo hajaita dalali mwingine.

Na nakuomba sana usichukue hela ya kuonyesha nyumba. Najua wengi wanachukua elfu 10 au elfu 20. Mtu katoka kazini amechoka unampeleka nyumba tatu unazojua hazimfai, unabaki na hela yake, yule hatokutaja vizuri popote.

BintiMbezi
Kaka yangu hapo juu nakuheshimu ila kwenye viwanja ndio kuna hela. Mimi nipo kwenye kampuni, napata asilimia 5, kiwanja cha milioni 8 ni laki nne kwa mteja mmoja. Sasa upande wa pili ambao hawakuambii kwenye usaili: wateja wengi wanalipa kwa awamu, mwaka mzima, na kamisheni yako inatoka kidogo kidogo kadiri anavyolipa. Akikwama mwezi wa tatu na wewe umekwama. Kupeleka watu saiti nauli na vocha ni zako. Mimi kiwanja cha kwanza niliuza mwezi wa nne, miezi mitatu yote nilikuwa nalishwa na dada.

Jambo linaloniuma na nitalisema. Kampuni ya kwanza niliyofanyia niliuza viwanja viwili, wateja wamemaliza kulipa, hati hawajapata hadi leo. Mmoja wao ni shangazi yangu. Nikienda msibani au harusini tunakutana, hanisemi kitu, ananiuliza tu taratibu, vipi ile karatasi mwanangu. Kwa hiyo kabla hujakubali kuuza cha mtu omba kuona ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, zote mbili. Wakikwambia "ipo kwenye mchakato" nenda kwingine.

fundi_ramani
Mimi ni mpima, niongelee njia ya tatu. Kwa milioni 6 na mtoto mchanga usinunue kiwanja sasa hivi. Bei itapanda sikatai, waliowahi Kigamboni kabla ya Daraja la Nyerere 2016 wanajua, ila kumbuka huko huko watu walikaa miaka na mpango wa mji mpya hawajui wajenge au wasubiri. Kiwanja hakinunui maziwa ya mtoto.

Ukija kununua baadaye, achana na habari za "20 kwa 20" mpaka uulize ni mita au hatua. Mwaka jana niliitwa Chanika, jamaa kauziwa hatua 20 kwa 20, aliyepiga hatua ni muuzaji mwenyewe. Nikavuta tepu upande wa barabarani ikagota mita 15 na ushee, upande wa ndani 14. Jamaa alikuwa ameshalipia kama mita 400 za mraba, kumbe hazifiki hata 230. Akaniomba nipime tena. Nikapima tena.

Chenye hati kafanye search kwa Msajili wa Hati ujue jina ni la nani na kama kuna rehani. Cha mirathi usiongee na mtoto mkubwa, ongea na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Nyumba ya familia hakikisha mke au mume amekubali kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 hairuhusu mmoja kuuza peke yake. Na mashamba ya Mkuranga mengi ni ardhi ya kijiji, hiyo ina sheria yake, Namba 5 ya 1999, bila halmashauri ya kijiji umenunua maneno.

Mkaazi_wa_Rongai
Huku kwetu Kenya huwezi jiita tu ajenti, sheria inataka usajiliwe na EARB, bodi ya serikali ya maajenti wa nyumba na ardhi, ingawa mabroka wa mtaani ni wengi sana. Pia weka ushuru kwa hesabu ukitaka kununua na kuuza, kwetu faida ya kuuza ploti inakatwa asilimia 15 tangu 2023, na mnunuzi analipa stamp duty (ushuru wa stempu) asilimia 4 mjini. Wengi wanakumbuka hayo siku ya kusaini.

fundi_ramani
Kwetu Tanzania ni asilimia 10 ya faida kwa mkaazi. Ni kweli wengi hawaiweki kwenye hesabu.

MtotoWaTabata
Nashukuru sana wakuu. BintiMbezi pole kwa hilo la shangazi. Naelekea kwenye kupangisha. Je nikitumia milioni 4 kujenga vyumba viwili uani kwa mzee wangu? Nafasi ipo.

mama_wapangaji
Mwanangu mzee yupo hai mshukuru Mungu, ila una ndugu wangapi? Mimi nilijenga kwa baba vyumba vitatu, baba alipofariki wadogo zangu wakasema ni vya wote, na kusema kweli sikuwa na karatasi hata moja. Kaeni wote mzee akiwepo, muandikishane, mashahidi wasaini, ndipo ununue tofali. Na kila chumba kiwe na mita yake ya LUKU, ugomvi wa umeme unafukuza wapangaji wazuri kuliko kodi.

MtotoWaTabata
Tupo watano. Nitakaa nao. Swali la mwisho kwa dalali_wa_sinza, mwenye nyumba na mteja wakinizunguka wakamalizana wenyewe nafanyaje?

dalali_wa_sinza
Itatokea. Kabla ya kumpeleka mteja mtumie mwenye nyumba ujumbe, jina la mteja na saa mnayofika, ubaki kwenye simu. Wakikuzunguka mpigie mara moja kwa adabu, umkumbushe ule ujumbe. Asipotoa achana naye, usiende kugombana getini. Mimi aliyenizunguka 2019 alinipigia mwenyewe mwaka uliofuata, mpangaji alihama usiku na deni la miezi mitatu.