Damu 9.2, mimba wiki ya 23, nipike nini kwa buku sita kwa siku? Naombeni ushauri

fundi_cherehani:
Habari zenu wapendwa. Mimi mdada wa miaka 27, hii ni mimba ya pili, nipo wiki ya 23. Juzi nimeenda kliniki wakanitoboa kidole kupima wingi wa damu wakakuta 9.2, nesi akaandika kwenye kadi akanipa vidonge vya FEFO (vile vya madini ya chuma na foliki) akasema "kula vizuri mama" halafu akaita mwingine. Sasa hiyo kula vizuri ndo kula nini jamani? Mume wangu ni bodaboda, mimi nashona hapa hapa nyumbani Mbagala, chakula cha siku nzima tunapanga buku sita, siku ikichanganya inafika saba, na tuko watatu na mtoto wa miaka 4.

Ratiba yangu iko hivi: asubuhi chai ya maziwa na chapati au maandazi, mchana ugali na mchicha au maharage, jioni wali maharage au chochote kilichobaki mchana tunapasha. Nyama labda Jumapili. Kila mtu ananiambia lake, mama mkwe kaleta kreti ya soda anasema nichanganye soda nyeusi na maziwa inaongeza damu, jirani anasema rozela, shoga yangu anasema bitiruti lakini bitiruti yenyewe bei yake mnaijua. Nachoka sana, nikipanda ngazi za daraja la pale stendi nahema kama nimekimbizwa. Msaada tafadhali, na msiniambie nile samaki wabichi kila siku maana hela hiyo sina.

Mzee_wa_Kijiweni:
Bitiruti rangi tu hiyo dada, ingekuwa rangi nyekundu inaongeza damu mi ningekunywa rangi ya kucha. Kuna jamaa mtaani kwetu alimchemshia mkewe misumari, eti chuma ni chuma. Ngoja waje wenye fani.

Tabibu_asilia_TZ:
Dada nina mchanganyiko wa mizizi unapandisha damu siku 3 tu bila vidonge vyenye kemikali, njoo inbox

nesi_wa_zamu:
Mwenye mizizi akae pembeni, mjamzito hapewi mizizi ya inbox.

Fundi pole mamii. Mimi nipo RCH (kliniki ya mama na mtoto) huku mkoani, siwezi kukupima kwenye simu ila ngoja nikuulize maswali matatu maana majibu yake ndo yatatuambia tatizo liko jikoni au liko kwingine. Moja, FEFO unameza saa ngapi na unamezea nini? Mbili, umeshapewa SP (ile ya kukinga malaria) na dawa ya minyoo, na unalala kwenye chandarua? Tatu, na hapa usinidanganye maana wote tumepitia, unakula pemba, ule udongo wa kutafuna?

fundi_cherehani:
Dah nesi umenikamata. FEFO nameza asubuhi na chai ili nisisahau. SP nimekunywa mara moja, ya minyoo bado, chandarua ninacho ila joto la Dar hili saa nyingine nalala juu yake. Na pemba nakula, si nyingi, vijiti viwili vitatu wakati nashona, ile harufu ya udongo uliolowa na mvua ndo inanimaliza kabisa

Bi_Mkubwa_Tanga:
Vijiti viwili vitatu hahaha. Mimi mimba ya mwanangu wa tatu nilikuwa nabandua ukuta wa jiko la udongo. Mume akadhani panya.

nesi_wa_zamu:
Basi tumeshapata pa kuanzia kabla hata ya kwenda sokoni. Chai ina kitu kinaitwa tanini, inakamata madini ya chuma tumboni mengi yanapita moja kwa moja hayaingii mwilini, na maziwa nayo yanazuia kwa njia yake, kwahiyo kile kidonge unakimeza vizuri halafu unakisindikiza chooni. Kahawa ni hivyo hivyo. Usiache chai kama unaipenda ila itenge na kidonge na itenge na mlo wenye mboga na maharage, saa moja au mawili hivi kabla au baada. Kidonge kihamishie usiku wakati wa kulala, meza na maji au na juisi ya chungwa ulilokamua mwenyewe, kwa usiku hata kichefuchefu hukisikii sana. Choo kikiwa cheusi usiogope ndo kawaida yake, kikiwa kigumu ongeza maji na papai.

Pemba, ndugu yangu, hamu yenyewe ya udongo mara nyingi inakuja kwa sababu chuma kimepungua, halafu udongo nao unazuia chuma kisiingie, unazunguka hapo hapo. Ukiacha minyoo na madini mabaya kama risasi yanayoweza kuwemo humo. Mwambie nesi wako kliniki, hatakuchapa.

Minyoo omba upewe, mimba yako imeshavuka miezi mitatu ya mwanzo. Na chandarua lala ndani yake sio juu yake, malaria inakula damu kuliko njaa. Unatakiwa ufike 11 kwenda juu. Ikishuka chini ya 7 hapo ni hospitali sio uzi wa humu jukwaani. Ukisikia moyo unakimbia umekaa tu, kizunguzungu cha kuanguka, au unahema ukiwa umelala, usisubiri tarehe ya kliniki.

jiko_la_mkaa:
Nesi kamaliza upande wa kidonge ngoja mi niingie sokoni. Dada kwa buku sita unakula vizuri kabisa, shida ni kwamba watu tunaona nyama ndo chakula cha damu tunasahau dagaa. Dagaa wa Mwanza kipimo cha buku kwa familia ya watatu ni mboga ya siku mbili, na wao wakiwa na mchicha kwenye sahani moja ule mchicha wenyewe unaingia mwilini vizuri zaidi, chuma cha majani peke yake mwili unakipokea kwa shingo upande ila ukikichanganya na kitu cha samaki au nyama hata kidogo na kitu kichachu kama ndimu kinapokelewa. Mi nafanya hivi, nachambua vichwa (dagaa wa Mwanza wana mchanga jamani, wale wa Kigoma ndo hawana lakini bei yao mtu anakuangalia kwanza viatu) nawaosha maji ya moto mara tatu hadi mchanga uishe chini ya bakuli, nawakausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka wanalia kra kra, ndo naweka mafuta kijiko kimoja, kitunguu, tangawizi iliyotwangwa, nyanya mbili, nyanya chungu kama zipo, maji kidogo, dakika kumi, naepua ndo nakamulia ndimu. Ndimu unakamua UKISHAEPUA maana vitamini C moto unaiua. Ukikamulia inachemka umeweka uchachu tu.

Na mtoto wako wa miaka 4 msagie dagaa waliokaushwa unyunyize kwenye uji wake, kijiko kimoja hata hajui.

Mwanahawa_wa_Mvita:
Hujambo shoga. Mimi niko Mombasa, dagaa hao wa ziwani huku twawaita omena, na kweli ni mboga ya mtu mwenye akili. Nataka kuongeza kuhusu mboga za majani, maana huko bara na hata huku watu wapika mchicha hadi wafa. Majani huoshwa kabla ya kukatwa, ukikata kisha ukaosha vitamini nyingi zaenda na maji kwenye ndoo. Kitunguu na tungule (nyanya) zikiiva watia majani, wafunika kidogo, dakika tano yatosha, yabaki na ukijani wake. Na magadi usitie, yalainisha kweli lakini yaua vitamini C. Tembele, mchicha, majani ya kunde, mnavu, zungusha usichoke.

Halafu kama kuna karai la chuma nyumbani, lile zito la bibi, pikia hilo. Mchuzi wenye tungule ukipikwa kwenye chuma watoka na chuma kidogo, si hadithi hiyo. Sufuria hizi nyepesi za alumini hazitoi chuma.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Dakika tano ni kwa hayo aliyotaja Mwanahawa, ila KISAMVU USITHUBUTU. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa sana, kina sumu kibichi. Nasema maana kuna mtu atasoma hapa kesho aende kukikaanga dakika tano.

Mwanahawa_wa_Mvita:
Ahsante bi mkubwa, umenifunika aibu.

lishe_bora77:
Acha sembe kula dona, sembe ni wanga mtupu

jiko_la_mkaa:
@lishe_bora77 dona ni nzuri ila usimtishe. Dona ina madini zaidi lakini pia ina kile kitu cha kwenye ganda kinachoshikilia chuma, kwahiyo sio kwamba akihama leo damu inapanda kesho. Akiipenda ale, na kama unga anaonunua ni ule wa viwandani umeandikwa umeongezwa virutubishi nao haumtupi. Muhimu kilicho pembeni ya ugali. Watu wa kisasa mnagombana na ugali wakati mboga ni robo kijiko.

lishe_bora77:
Sijagombana mkuu nimeshauri

fundi_cherehani:
Jamani asanteni sanaaa. Sasa maharage je maana ndo chakula chetu kikuu? Na maini? Kuna duka la nyama hapa robo ya maini ni kama buku tatu, naweza kujikaza mara moja moja. Na lile la mama mkwe nimjibu nini

nesi_wa_zamu:
Maharage loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Kinachozuia chuma kinapungua, gesi tumboni inapungua na mkaa pia unaokoa. Choroko na kunde ni hivyo hivyo na zinaiva haraka zaidi. Pembeni ya wali maharage weka kachumbari ya nyanya na ndimu, au pera, au chungwa, hiyo kachumbari usiichukulie kama pambo.

Maini yana chuma kweli, ila yana vitamini A nyingi sana na ikizidi sio salama kwa mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Kipande kidogo, yaive vizuri, mara moja kwa wiki isizidi, na wala sio lazima. Hiyo buku tatu ukiigawa kwenye dagaa na mayai unakula siku tatu.

Soda na maziwa haziongezi damu, ni sukari umeichanganya na kitu kinachozuia chuma. Rozela ina uchachu mzuri lakini inashusha presha, na ina vitu jamii ya vile vya kwenye chai, kwahiyo jagi zima kila siku kama dawa kwa mjamzito mimi siishauri. Bitiruti kula ukiipata, ina foliki, ila sio ya kukopea.

Mzee_wa_Kijiweni:
Mama mkwe mwambie "asante mama" soda wape bodaboda wenzake na mume. Ndoa itadumu.

jiko_la_mkaa:
Nikupangie siku moja uone hela inavyokaa, bei ni za sokoni kwetu huku Temeke, kwako zinaweza kupishana kidogo. Asubuhi uji wa ulezi au viazi vitamu vya buku vya kuchemsha na yai moja moja kwa wewe na mtoto, mayai mawili 800 au 1000, chai sogeza saa nne ukiwa kwenye cherehani. Mchana ugali, unga nusu kilo 900, tembele mafungu mawili 600, dagaa nusu ya kile kipimo 500, nyanya vitunguu ndimu 800. Jioni choroko ulizoloweka, za 700, na wali wa robo tatu kilo hapo unaongeza kama 2000 hivi. Naona tumevuka kidogo, basi siku hiyo ya wali ukipandisha bei kula ugali mara mbili. Tunda sio lazima tufaa la Afrika Kusini, nunua mapera au machungwa ya Muheza yakiwa msimu, pera moja lina vitamini C kuzidi chungwa. Ubuyu mweupe ule wa kukoroga juisi pia sawa ila sio ule mwekundu wa kwenye vifuko, ule ni sukari na rangi.

Tabibu_asilia_TZ:
Siku 3 tu damu inajaa

nesi_wa_zamu:
Wewe bado upo?

fundi_cherehani:
MREJESHO. Wiki tano zimepita jana nimepima ni 10.4 jamani!! Nesi wa kliniki akaniuliza umefanya nini nikamwambia nimeacha kumezea FEFO na chai, akacheka akasema hata yeye hakuniuliza hilo siku ile. Minyoo nimepewa, SP ya pili nimekunywa. Pemba sijaacha yote nisiwadanganye, ila nimefika kijiti kimoja kwa siku na siku nyingine nasahau, natafuna karoti mbichi wakati nashona inanisaidia mdomo. Ngazi za daraja napanda nikiwa naongea na simu.

Chai nakunywa saa nne kama jiko_la_mkaa alivyosema, mwanzoni kichwa kiliuma siku mbili tatu nikazoea. Karai la bibi lipo kijijini, mama atalipandisha basi mwezi ujao. Shida iliyobaki ni mume, wiki iliyopita nilipika tembele siku nne akasema ya tano ikija anahamia kijiweni na helmeti yake. Nipeni namna nyingine ya kulipika.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Hongera mwanangu, 11 hiyo hapo. Tembele kesho litie kwenye dagaa lile lile chungu moja na nazi nyepesi kidogo, usimwambie ni tembele. Keshokutwa mpe msusa (majani ya maboga).

Mzee_wa_Kijiweni:
Akihamia kijiweni aje na sahani yake, huku tunakula chips kavu.